Homa na mafua ya mtoto mdogo: usiangalie joto pekee, hesabu pumzi

Kuanzia Juni mpaka Agosti hali ya Dodoma ni ukavu, upepo, vumbi, na baridi ya usiku inayowafanya watu walale na milango na madirisha yamefungwa. Watoto wakirundikana chumba kimoja, virusi vya mafua vinahama kutoka pua moja kwenda nyingine bila shida. Mtoto mdogo huugua mafua mara kadhaa kwa mwaka, na mara nyingi mwili wake humaliza kazi wenyewe: joto siku mbili tatu, makamasi siku 7 hadi 10, kikohozi kikichelewa kidogo kuondoka. Kazi ya mzazi ni mbili. Ya kwanza ni kumpunguzia mtoto mateso. Ya pili, ambayo ndiyo inayookoa maisha, ni kumtambua mapema yule ambaye si wa mafua ya kawaida.

Tatizo ni kwamba wengi wetu tunashika paji la uso, tunalikuta la moto, tunakimbilia dawa ya kushusha joto. Joto likishuka tunapumua. Lakini nimonia, ambayo mitaani huitwa kichomi, inaweza kuendelea kuchimba huku joto limeshushwa na panado. Joto halikuambii kama mapafu yameshikwa. Pumzi zinakuambia.

Kwanza kabisa: huyu ni wa kukimbizwa hospitali?

Kabla ya jambo lolote mwangalie mtoto kwa dakika moja. Ukiona hata dalili moja kati ya hizi, acha mengine yote, tafuta usafiri:

- hawezi kunywa wala kunyonya;
- anatapika kila anachopewa, hakibaki kitu;
- amepata degedege katika ugonjwa huu;
- amelegea mno, haamki, au macho yake hayakufuati;
- anapovuta hewa, sehemu ya chini ya kifua inabonyea ndani;
- anakoroma kwa sauti kavu akivuta hewa, ilhali ametulia na halii;
- midomo au ulimi umekuwa wa bluu au wa kijivu;
- shingo imekakamaa, au utosi wa mtoto mchanga umevimba kwa juu;
- ana upele wa madoa ya zambarau usiopotea ukiubonyeza kwa glasi. Kwa ngozi nyeusi angalia nyayo, viganja na ndani ya kope.

Mtoto wa chini ya miezi miwili ana sheria yake. Joto la kwapani likifika nyuzi 37.5, au likiwa chini ya 35.5, anakwenda kituo cha afya siku hiyo hiyo, hata kama ni saa nane za usiku. Usimpe panado nyumbani ukingoje asubuhi. Maambukizi ya damu kwa mchanga huanza kimyakimya: kunyonya kunapungua, analala kupita kawaida, mwili unapoa badala ya kupata joto. Bibi akisema "mtoto wetu leo mpole sana," lichukue neno hilo kwa uzito.

Wapo pia watoto ambao homa kwao haisubiri: mwenye selimundu (sikoseli), mwenye virusi vya UKIMWI, na mwenye utapiamlo mkali. Huyu wa mwisho anaweza kuwa na maambukizi makubwa bila joto lolote, kwa sababu mwili wake hauna nguvu ya kulitengeneza.

Kuhesabu pumzi

Hapa ndipo tunaomba usome taratibu, maana ujuzi huu hauna gharama na unaweza kuutumia ukiwa ndani kabisa ya wilaya ya Chemba, kilomita nyingi kutoka zahanati.

Subiri mtoto atulie. Akilia, akitoka kucheza au akinyonya, hesabu inaharibika. Muda mzuri ni akiwa amelala, au amepakatwa kimya. Kama ana joto kali na ametimiza miezi miwili, mpe dawa ya joto kwanza, ngoja nusu saa au zaidi, kisha hesabu, kwa kuwa joto lenyewe huongeza kasi ya pumzi. Lakini kama kifua kinabonyea usingoje chochote.

Funua shati mpaka uone kifua na tumbo. Washa saa ya kuhesabu muda kwenye simu, dakika moja kamili. Kila tumbo linapopanda ni pumzi moja. Usihesabu kupanda na kushuka kama mbili. Usihesabu sekunde 15 ukazidisha kwa nne, kwani mtoto mdogo hupumua harakaharaka kisha akasita kidogo, na ukikutana na kipande kimoja tu utapotoka. Idadi ikiwa kubwa, rudia mara ya pili kuhakikisha.

Mpaka ni huu. Chini ya miezi 2: pumzi 60 au zaidi kwa dakika ni nyingi. Miezi 2 hadi kabla ya kutimiza mwaka: 50 au zaidi. Mwaka 1 hadi miaka 5: 40 au zaidi. Mtoto mwenye kikohozi anayefika hapo anahesabiwa kuwa huenda ana nimonia, na anatakiwa kuonwa na mtoa huduma leo, hata kama anacheza.

Halafu tazama kifua kinavyokwenda. Mtoto mzima akivuta hewa, kifua na tumbo hupanda pamoja. Mgonjwa wa nimonia kali akivuta hewa, mstari ulio chini ya mbavu unaingia ndani huku tumbo likipanda. Pua zikitanuka kila anapovuta, au akiguna kila anapotoa hewa, hali ni hiyo hiyo. Ukitazama mara moja watoto wawili wazima wakiwa wamelala, siku ya ugonjwa hutapata shida kuiona tofauti.

Kupima joto

Mkono wa mama unaweza kukuambia mtoto ana joto, lakini hauwezi kukuambia kiasi. Kipimajoto cha kidijitali kinauzwa maduka ya dawa na kinadumu miaka. Futa jasho la kwapa, weka ncha katikati ya kwapa, bana mkono wa mtoto kifuani mpaka kilie. Kama kipimajoto ni kile cha zamani cha zebaki, kikung'ute kishuke chini ya 35 na ukiache dakika tano. Kikivunjika, mtoe mtoto chumbani, fungua madirisha, usifagie zebaki kwa ufagio.

Kuanzia 37.5 kwapani ni homa. Kuanzia 38.5 ndipo inafaa kufikiria dawa, na hata hapo sababu ni kwamba mtoto anaumwa, hapati usingizi au hanywi. Mtoto mwenye 38.7 anayekimbiza kuku uani hahitaji dawa kwa sababu ya namba. Mwenye 38.0 aliyenyong'onyea, anayekataa ziwa, anahitaji kuonwa.

Mvue masweta na mablanketi, mwachie nguo moja nyepesi. Kumfunika gubigubi "atoe jasho" kunapandisha joto. Kumwagia maji baridi nako si vizuri: anatetemeka, na kutetemeka kunazalisha joto zaidi. Usimpake spiriti, ngozi ya mtoto inaifyonza.

Panado: hesabu yake

Parasetamoli ndiyo dawa ya kwanza na kwa kawaida ndiyo pekee inayohitajika nyumbani kwa homa ya mafua, kwa mtoto aliyetimiza miezi miwili. Kipimo chake ni miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo ya uzito, kila baada ya saa 6, isizidi mara 4 ndani ya saa 24. Uzito wa karibuni umeandikwa kwenye kadi ya kliniki. Tumia uzito kuliko umri, maana watoto wawili wa miaka miwili wanaweza kupishana kilo nne.

Sasa soma maandishi madogo ya chupa. Dawa ya maji iliyo ya kawaida huandikwa miligramu 120 kwa mililita 5. Kwa chupa hiyo kuna hesabu nyepesi: gawa kilo za mtoto kwa mbili, jibu ndilo mililita za dozi moja. Kilo 6, mililita 3. Kilo 9, mililita 4 na nusu. Kilo 12, mililita 6.

Lakini ipo chupa nyingine, miligramu 250 kwa mililita 5, ambayo ni kali zaidi ya mara mbili. Kwa hiyo gawa kilo kwa nne: mtoto wa kilo 12 anapata mililita 3 tu. Chupa hizi mbili zinaweza kufanana rangi na harufu. Mama aliyezoea kumpa mtoto wa kilo 10 "kijiko kimoja" kutoka chupa ya kwanza, akinunua ya pili bila kusoma, anampa miligramu 25 kwa kila kilo. Akirudia siku mbili tatu, ini linaumia. Zipo pia za matone kwa ajili ya wachanga, ambazo ni kali zaidi kwa kila mililita; hizo zipimwe kwa kidondoshi kilichokuja nazo tu.

Usipime kwa kijiko cha jikoni, kwa kuwa hakuna vijiko viwili vinavyolingana. Mwombe muuza dawa bomba la sindano lisilo na sindano, la mililita 5. Mkalishe mtoto akiwa ameinuka, elekeza bomba upande wa ndani wa shavu, sukuma kidogokidogo. Ukimlaza chali na kumbana pua ili ameze, dawa inaweza kuingia mapafuni. Akitapika ndani ya dakika 15 na ukaiona dawa imetoka, rudia mara moja. Zaidi ya hapo usirudie.

Kama kilichopo ni vidonge vya miligramu 500, robo kidonge ni miligramu 125, inayomfaa mtoto wa kilo 9 hadi 12. Saga vizuri, changanya na maji kidogo kwenye kijiko. Kwa mtoto mdogo zaidi ya hapo tafuta dawa ya maji, kwani kidonge hakikatiki nane kwa usahihi.

Andika saa uliyompa. Nyumba nyingi mtoto analelewa na watu watatu: mama anampa asubuhi kabla ya kwenda sokoni, dada wa kazi anampa saa nne, bibi anampa saa saba. Karatasi iliyobandikwa kwenye chupa inazuia hilo.

Aspirini ni mwiko kwa mtoto, kwani ikikutana na ugonjwa wa virusi inaweza kudhuru ini na ubongo ghafla. Diklofenaki na mchanganyiko wake, unaouzwa sana kwa maumivu ya watu wazima, si dawa ya homa ya mtoto. Ibuprofeni ipo, ila si kwa mtoto wa chini ya miezi mitatu, na si kwa anayetapika na kuharisha, kwa sababu figo zinapata taabu maji yakipungua mwilini. Dawa za maji za "mafua na kikohozi" zenye vitu vitatu vinne ndani ziache dukani. Hazifupishi mafua kwa mtoto mdogo, zinamlevya usingizi, na nyingine zina parasetamoli ndani, hivyo ukimpa na panado juu yake umempa dozi mbili. Yoyote yenye kodeini isimguse mtoto.

Malaria: pima, usibahatishe

Dodoma ni miongoni mwa mikoa yenye malaria kidogo nchini. Hilo lina maana mbili. Homa nyingi za hapa si malaria, kwa hiyo kumpa mtoto dawa ya mseto bila kupima ni kumchelewesha na ugonjwa halisi. Pia, mtoto aliyetoka likizo Tabora, Kigoma, Geita, Kagera au Mtwara wiki mbili tatu zilizopita anaweza kurudi nayo, na kwa kuwa watoto wa huku hawajazoea vimelea, wanaweza kuzidiwa upesi. Kila mtoto mwenye homa apimwe kwa kipimo cha haraka, kile cha tone la damu kidoleni; majibu hutoka ndani ya nusu saa. Mwambie mhudumu kama mtoto alisafiri. Mwambie pia kama alitibiwa malaria mwezi uliopita, sababu kipimo hiki kinaweza kuendelea kuonyesha chanya wiki kadhaa baada ya vimelea kuisha.

Na kipimo chanya hakifuti kikohozi. Mtoto anaweza kuwa na malaria na nimonia kwa wakati mmoja, kwa hiyo pumzi zihesabiwe hata kama ana malaria.

Pua, koo na kikohozi

Mtoto mchanga hajui vizuri kupumua kwa mdomo. Pua ikiziba hawezi kunyonya, na asiponyonya anaishiwa maji. Chemsha robo lita ya maji, weka nusu kijiko cha chai cha chumvi, kijiko kiwe sawa si cha kulundika, acha yapoe. Dondosha matone mawili au matatu kila tundu la pua, ngoja dakika moja, kisha toa makamasi kwa kitambaa laini safi kilichosokotwa ncha. Fanya hivyo dakika chache kabla ya kunyonya na kabla ya kulala. Maji hayo mwaga yakifika siku moja, tengeneza mengine. Usifyonze makamasi kwa mdomo, maana midomo ya mtu mzima ina vijidudu vyake. Samli, mafuta ya kondoo au mafuta ya nazi puani yanateleza mpaka mapafuni na kuleta nimonia ya aina yake, isiyosikia antibayotiki.

Kwa kikohozi cha usiku, tuna bahati ya kuwa jirani na Singida na Manyoni, kwenye asali nzuri. Mtoto aliyetimiza mwaka mmoja mpe nusu kijiko cha chai hadi kijiko kimoja kabla ya kulala. Chini ya mwaka mmoja, asali marufuku hata ya kulamba, iwe mbichi au imechemshwa: inaweza kubeba mbegu za bakteria zinazokua kwenye utumbo wa mtoto mchanga na kutoa sumu inayolegeza misuli, mpaka ya kupumulia. Chai ya tangawizi iliyopoa si tatizo kwa aliyetimiza mwaka. Kwa mdogo zaidi maziwa ya mama ndiyo dawa ya koo.

Kujifukiza kwa sufuria ya maji ya moto tunakukataza kabisa kwa mtoto. Faida yake ni ndogo na madhara ni kuungua uso na kifua. Dawa za kupaka zenye mentholi au kafuri zisitumike chini ya miaka miwili, na kamwe zisipakwe puani.

Moshi ni adui mkubwa zaidi ya baridi. Kwenye nyumba ya tembe au chumba chenye dirisha dogo, kuni zikiwaka ndani hata saa moja, njia ya hewa ya mtoto inavimba na makamasi yanaongezeka. Pika nje au barazani wakati mtoto anaumwa. Jiko la mkaa usiliingize chumbani kupasha joto usiku. Hewa yake yenye sumu haina harufu na huua watu wakiwa usingizini. Mpashe joto kwa kumbeba kifuani na kulala naye chini ya blanketi moja.

Chakula na maji

Anayenyonya anyonyeshwe mara nyingi zaidi, hata kama ni dakika mbilimbili. Chini ya miezi sita asipewe maji wala gripu (dawa ya tumbo ya watoto), maziwa yanatosha. Mkubwa zaidi mpe maji, uji mwepesi wa ulezi au uwele, supu, juisi ya ubuyu iliyotengenezwa kwa maji yaliyochemshwa. Akikataa kikombe, tumia kijiko: kijiko kimoja cha chai kila dakika moja au mbili. Akitapika ngoja dakika kumi, anza tena polepole. Mlenda na ugali laini huteleza kooni bila maumivu, na watoto wengi huupokea wakati vyakula vikavu vinawashinda. Usimlazimishe kula, ila usikubali aache kunywa. Akipitisha saa sita bila kukojoa, machozi hayatoki au macho yamedidimia, anakwenda kituo cha afya.

Tahadhari ya mkoa wetu: msimu wa zabibu na karanga, mtoto wa chini ya miaka mitano asipewe zabibu nzima wala karanga nzima, hasa akiwa anakohoa. Akivuta pumzi ya kukohoa huku anatafuna, zabibu inaziba koo lote. Zabibu zikate vipande vinne kwa urefu. Na mtoto aliyekuwa mzima, akaanza kukohoa ghafla na kukoroma kifua upande mmoja bila homa, huenda amepaliwa na kitu kilichobaki ndani. Dawa ya kikohozi haitakitoa.

Degedege likimshika

Huwapata zaidi watoto wa miezi 6 hadi miaka 5 joto linapopanda. Inatisha kuliangalia. Mlaze ubavu sehemu laini, mbali na moto na ncha za vitu, legeza nguo shingoni, angalia saa. Usimtie kijiko, kidole wala maji mdomoni; meno huvunjika na maji huingia mapafuni. Usimzuie kutetemeka. Kumfukizia moshi au kumpaka mkojo kunapoteza dakika. Mara nyingi linaisha kabla ya dakika tano. Likizidi hapo, au likirudi, mbebe akiwa kaegemea ubavu na uanze safari. Na hata likiisha upesi, bado anakwenda hospitali siku hiyo: malaria kali, homa ya uti wa mgongo na sukari kushuka vyote vinaweza kuanza hivyo hivyo, na kwa macho huwezi kuvitofautisha.

Kimeo, meno ya plastiki, lawalawa

Haya tunayasema kwa heshima, kwa sababu wanaoyapendekeza ni wazee wanaompenda mtoto.

Kimeo ni kinyama cha kawaida kilicho nyuma ya koo, kila binadamu anacho. Mtoto akikohoa koo lote huvimba, nacho huvimba. Kukikata hakugusi mapafu, na kunaleta kutoka damu kusikokoma, pepopunda na maambukizi ya kisu kilichotumika kwa wengine. "Meno ya plastiki" ni vichipukizi vya meno ya kweli ndani ya fizi. Yakichokonolewa mtoto anapata jeraha linaloingiza bakteria kwenye damu, na homa aliyokuwa nayo inabaki palepale. Kwa watoto wa kike, homa bila mafua wala kikohozi, akilia anapokojoa au kuwashwa sehemu za siri, kwa huku kwetu wengine huita lawalawa. Hayo ni maambukizi yanayopimwa kwa mkojo au kwa kutazamwa, na yanatibika kwa dawa na usafi. Kumkeketa hakuyaponyi, kunamharibia maisha, na ni kosa la jinai.

Kama uamuzi uko mikononi mwa bibi au mama mkwe, usibishane. Sema: "Bibi, naomba tumpitishe kwanza zahanati ahesabiwe pumzi na apimwe damu, tukirudi tukae tuzungumze." Mara nyingi, mtoto akianza matibabu sahihi, mazungumzo ya kisu huisha yenyewe.

Sikio

Mafua yakipungua halafu joto likarudi usiku, mtoto akivuta sikio na kulia akilazwa, sikio la kati limeshikwa. Panado kwa maumivu, na apelekwe aangaliwe. Likitoa usaha, sokota kitambaa safi kinachonyonya maji kiwe utambi, ingiza taratibu, kikilowa toa, weka kingine mpaka kitoke kikavu, mara tatu kwa siku. Usitumie njiti ya kiberiti, na usidondoshe mafuta ya moto wala maziwa.

Ukifika kwa mtoa huduma

Beba kadi ya kliniki, dawa zote alizokwisha kupewa pamoja na karatasi ya saa. Eleza homa ilianza lini, amekojoa mara ngapi leo, amesafiri wapi, nyumbani nani anakohoa. Kadi itaonyesha kama amekamilisha chanjo za wiki ya 6, 10 na 14, zikiwemo za kukinga nimonia, na ile ya surua na rubela ya miezi 9 na 18. Homa yenye mafua, macho mekundu na upele ulioanzia usoni huenda ni surua, nayo inaambukiza chumba kizima cha kusubiria, kwa hiyo mjulishe muuguzi mlangoni.

Usiombe sindano wala antibayotiki kwa sababu umetoka mbali. Mafua ni virusi, na antibayotiki haziviui. Zinamharisha mtoto na kufundisha bakteria kuzizoea. Lakini akiandikiwa amoksilini kwa nimonia, kwa kawaida vidonge vinavyoyeyuka kwenye maji, asubuhi na jioni kwa siku tano, amalize zote hata akianza kucheza siku ya pili. Zilizobaki za mdogo wake mwaka jana zisitumike. Rudi naye siku ya tatu akaangaliwe, na kabla ya hapo kama pumzi zinaongezeka. Homa inayozidi siku tatu inataka kuangaliwa upya. Inayofika siku saba inataka vipimo vikubwa.

Akipewa rufaa kutoka zahanati ya kijiji kwenda hospitali ya wilaya, au Hospitali ya Rufaa ya Mkoa mjini, safari ya saa mbili tatu bila kula inashusha sukari ya damu. Aendelee kunyonya njiani. Asiyenyonya lakini anameza vizuri, koroga vijiko vinne vya chai vya sukari, vya kusawazisha, kwenye kikombe cha mililita 200 cha maji safi, umpe mililita 30 hadi 50 kabla ya kuondoka. Asiyeweza kumeza usimpe kitu mdomoni, mjulishe mhudumu. Mfunge kifuani, kanga juu, uso ukiwa wazi.

Homa ikishaisha mwongezee mlo mmoja kila siku kwa wiki mbili, kisha mpeleke kliniki akapimwe uzito, kwani mtoto anaweza kupungua uzito kwa ugonjwa mmoja bila nyumbani kugundua. Kikohozi kikivuka siku 14 arudi akachunguzwe kifua kikuu, na siku hiyo taja kila mtu mzima wa nyumbani anayekohoa, akiwemo babu ambaye anasema ni vumbi tu.